Mlango wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Kila Jumamosi, baada ya chai, Mkaguzi alitoa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, akaziweka kwenye kivuli cha ukuta kando ya gari lake. Kabla ya kugusa chochote aliweka kiganja juu ya boneti, kama mama anavyompima mtoto homa. Boneti ikiwa na joto, alisubiri. Ikiwa baridi, alianza na paa, akashuka madirishani, akamalizia chini kwenye matope, na kitambaa cha chini hakikuruhusiwa kupanda juu hata kwa bahati mbaya. Shemeji yake mmoja aliwahi kukosea hapo, kwa nia njema ya kusaidia. Mpaka leo shemeji huyo akija hupewa chai kwenye kikombe kilichokatika mkono.

Jina la Mkaguzi alilipata kazini. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka madukani na sanduku dogo la mawe ya shaba, akayapanga mawe kwenye mizani za watu, na sukari ikipungua hata kiasi cha kushika kwa vidole viwili, muuzaji alijuta kuzaliwa. Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, mkewe pia. Hata yeye mwenyewe alipojisemea moyoni akiwa anaoga, alijiita hivyo hivyo.

Gari lilikuwa la bluu iliyoiva, na alilipenda kwa hofu. Aliogopa vumbi. Aliogopa ndege, hasa wale waliotoka kula matunda. Aliogopa mpira wa watoto, kucha za paka na vifungo vya suruali za watu wenye tabia ya kuegemea vya wenzao. Kitu kikianguka nje usiku, alikaa wima kitandani.

"Ni kifuniko cha ndoo," mkewe alimwambia. "Lala."

"Kimeangukia wapi?"

"Chini, Mkaguzi. Vitu huangukia chini."

Ndiyo maana alinunua makopo mawili. La kwanza lilikuwa la nta ya kung'arisha. La pili lilikuwa la dawa ya kufunika rangi, nzito kama uji mwepesi, ambayo ikikauka hugeuka ngozi isiyoonekana: maji hayapiti, vumbi halishiki, jua halichomi. Maelekezo yalisema dawa itangulie, ikauke, ndipo nta ije juu. Mkaguzi aliyasoma maelekezo, akayapima, akayakuta na kasoro.

"Mtu hujipaka mafuta kwanza, ndipo akavaa shati," alimweleza mkewe. "Umewahi kumwona mtu amevaa shati halafu analipaka mafuta?"

Mkewe alifikiri, akasema hajawahi.

Basi alipaka nta kwanza, akaisugua kwa miduara midogo mpaka gari likawa kioo, kisha akapaka dawa juu yake, tabaka jembamba, kuanzia boneti mpaka buti. Maelekezo yalisema pia kwamba dawa isiguswe na maji wala vumbi mpaka kesho yake. Katika hilo Mkaguzi hakuwa na ubishi. Aliwasha redio ya gari asikilize mpira, akashusha kioo cha dereva ili sauti itoke, akasimama na kitambaa mkononi, akawa analinda.

Mawingu yalianza kujikusanya upande wa pili wa paa la shule. Mkaguzi aliyatazama kama anavyotazamwa mtu anayeingia dukani bila nia ya kununua.

Hapo ndipo Fundi alipoingia getini. Fundi alikuwa mshona nguo wa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta; cherehani yake ndiyo iliyouamsha mtaa kila asubuhi. Mkono mmoja alibeba kigoda, na mwingine alimshika mama yake, bibi mwembamba ambaye watu wote walimwita Mama Fundi. Alikiweka kigoda kando ya mlango wa nyuma, upande wa kushoto, akamketisha. Bibi akapakata mkoba wake, mikono miwili juu ya kishikio, uso kwenye mlango, kama abiria anayetaka kuwa wa kwanza kupanda. Kila pumzi aliyovuta ilipiga mluzi.

"Jirani, samahani," Fundi alisema. "Mama kifua kimembana tangu asubuhi. Naomba unifikishie hospitali."

Mkaguzi alitazama mawingu. Alitazama barabara, iliyokuwa bado na madimbwi ya jana. Kisha akaugusa mlango kwa ncha ya kidole, pale chini kwenye kona, akakitazama kidole. Kilikuwa kinanata.

"Betri imekufa," alisema.

"Imekufa?"

"Kabisa. Tangu jana."

Ndani ya gari mtangazaji alipiga ukelele, kwa sababu mchezaji mmoja alikuwa amekosa goli la wazi. Kisha akaendelea kutangaza kwa sauti ya kawaida.

"Haya, jirani," Fundi alisema. "Betri ni betri."

Alitoka mbio, akarudi na muuza maji na mkokoteni wake, mapipa yameshushwa. Walimpakia Mama Fundi na kigoda chake. Bibi alimgeukia Mkaguzi akasema asante, maana alikuwa mtu wa adabu, ingawa haikueleweka alikuwa akishukuru nini. Mkokoteni uliondoka ukiruka madimbwi. Punde mvua ikaanguka. Mkaguzi na mkewe walishika turubai juu ya gari, yeye huku na mke kule, mikono juu, bila kuligusa, mpaka mvua ikakatika na mabega yakawafa ganzi. Matone hayakulifikia gari hata moja.

Mama Fundi alifia njiani, pale barabara ya udongo inapoanza kuwa ya lami.

Jumapili asubuhi mke wa Mkaguzi alitoka kuanika nguo, akarudi ndani na beseni.

"Mama Fundi yuko mlangoni," alisema.

Mkaguzi aliacha kutafuna. "Mlango gani?"

"Wa gari. Nyuma, upande wa kushoto."

Alikwenda kuangalia. Kweli, alikuwepo. Nje ya gari hapakuwa na mtu wala kigoda, ila ndani ya ung'avu wa rangi Mama Fundi alikuwa amekaa vilevile, mkoba mapajani, akitazama mbele. Alikuwa wazi kuliko picha ya ukutani. Hata uzi uliochomoka kwenye ukingo wa khanga yake ulionekana.

"Shikamoo, mama," Mkaguzi alisema, kwa kuwa hakujua la kusema zaidi.

Midomo ya bibi ikasema marahaba, bila sauti.

"Sura yake imenasa kati ya nta na dawa," Mkaguzi alimweleza mkewe. "Dawa ilikuwa bado mbichi."

"Wewe si ulisema mafuta kwanza, shati baadaye?"

"Nilisema."

"Basi amebaki ndani ya shati," mkewe alisema, akaenda kuanika.

Siku hiyo hiyo Mkaguzi alinunua betri mpya. Aliibeba begani kutoka dukani, akapita njia ndefu kuliko zote, akasalimia nyumba hata ambazo hazikuwa na mtu barazani. Betri ya zamani, iliyokuwa nzima na yenye nguvu za kutosha, aliificha chini ya kitanda. Kisha akatoa gari kubeba waombolezaji. Walimshukuru sana. Mzee mmoja alisema hawa ndio majirani wanaotakiwa: gari limepona asubuhi tu, tayari liko msibani. Waliokaa nyuma walipofungua mlango wa kushoto waliufungua kwa upole, wasimyumbishe marehemu, na mwanamke mmoja alimpangusia tope lililorukia karibu na goti lake.

Mkaguzi hakuogopa kwamba bibi yupo. Watu hukaa mahali pengi, na yeye mwenyewe alikuwa na mjomba aliyekaa stoo miaka mingi bila sababu ya maana. Kilichomnyima usingizi kilianza Jumatatu, alasiri, saa ileile Fundi alipokuja kuomba msaada. Mlango ulifanya yote upya. Fundi aliingia ndani ya rangi akiwa na kigoda, akamketisha mama yake, akasema maneno ambayo hayakusikika. Kisha akaingia Mkaguzi mwenyewe, kitambaa mkononi. Akatazama juu. Akatazama barabara. Akagusa mlango kwa kidole, akakitazama kidole. Akatikisa kichwa. Hakufungua boneti. Hakuingia ndani kujaribu ufunguo. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba pale betri haikuulizwa chochote.

Jumanne ilikuwa hivyo hivyo. Jumatano watoto wa mtaa walikuwa wamejipanga chini mbele ya mlango, wamepakata mabegi ya shule.

"Sasa anatazama juu," mmoja alinong'ona.

"Nyamaza, tunajua."

"Sasa kidole! Kidole, kidole!"

Walimwigiza wote kwa pamoja, wakigusa hewa na kutazama vidole vyao kwa makini sana, kisha wakaenda nyumbani kula. Mkaguzi alikuwa amejificha nyuma ya pazia. Watoto wana wazazi, na wazazi wana midomo. Na Fundi alikuwa mita chache tu, nyuma ya ukuta, akikanyaga cherehani yake. Kila cherehani iliponyamaza, Mkaguzi naye aliacha kupumua, akisikiliza kama kuna nyayo zinakuja getini.

Alianza kusugua. Alitumia sabuni ya vyombo, ile inayong'oa mafuta kwenye sufuria. Mama Fundi aliinua miguu yake kidogo, kama anavyoinua mtu aliyekaa wakati wengine wanapiga deki, akaishusha palipokauka. Alitumia mafuta ya taa. Bibi alifunika pua na ncha ya khanga. Nta haikutoka, dawa haikutoka. Mkaguzi alikuwa ameipaka vizuri mno.

Alilipeleka gari kwa mpiga rangi wa magari, mtu mwenye madoa ya kila aina kuanzia kope mpaka viatu. Mpiga rangi alichuchumaa, akamsalimia bibi, akafikiri.

"Kupiga juu yake naweza," alisema. "Ila itabidi asogee."

"Hasogei."

"Ndiyo nionavyo. Mtu akishapakata mkoba namna hii, kaka, huyo anasubiri usafiri. Mpe usafiri kwanza."

"Amezunguka mji mzima kwenye gari hili wiki nzima!"

"Sasa mimi nitajuaje safari yake ni ipi?" mpiga rangi alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Akitoka hapo alisimamishwa na askari wa barabarani. Askari alizunguka gari, akarudi dirishani.

"Huyo bibi wa nyuma mbona hana mkanda?"

"Yuko nje, afande."

"Nje wapi?"

"Kwenye rangi."

Askari akaangalia tena. "Sawa," alisema. "Basi endesha polepole, kuna upepo."

Mkaguzi alijaribu kuliegesha gari ubavu wa kushoto ukutani, lakini usiku Mama Fundi alionekana akikohoa kwa vumbi la ukuta, na mkewe akamwambia alisogeze, mwanamke wa umri ule hawezi kulala ameminywa. Alifunga geti kwa mnyororo. Alirudi nyumbani kwa kupitia uchochoro, akiinama chini ya dirisha la Fundi. Kazini alianza kukosea. Aliweka jiwe lisilohusika kwenye mizani ya muuza mchele, akamwambia yuko sawa, na muuza mchele, ambaye alijijua hayuko sawa, alikosa raha siku nzima.

"Hivi unaogopa nini?" mkewe alimuuliza wakati wa chakula.

"Fundi ataona."

"Ataona nini? Mama yake?"

Mkaguzi alikisogeza chakula kando ya sahani. Mkewe alimtazama kwa muda, kisha akaangalia upande wa chumbani, ambako chini ya kitanda betri nzima ilikuwa imelala.

"Nimejigonga kidole cha mguu kwenye hilo libetri lako bovu mara ngapi," alisema. "Kula."

Jumamosi iliyofuata cherehani haikusikika kabisa. Alasiri geti likagongwa. Mkaguzi alisema moyoni asifungue, miguu yake ikaenda ikafungua. Fundi alikuwa amesimama na kigoda, kilekile.

"Jirani, nimeambiwa mama yuko huku."

"Yuko," Mkaguzi alisema. "Nilikuwa nataka nikuambie."

"Msiba una mambo mengi. Sikupata nafasi ya kuja."

Fundi alikwenda, akaweka kigoda mbele ya mlango wa nyuma, upande wa kushoto, akakaa ana kwa ana na mama yake. Walitazamana. Mama akamtengenezea kola kwa mbali, mkono ukiishia kwenye ukingo wa rangi, na Fundi akajitengenezea mwenyewe. Mkaguzi alisimama nyuma yake na kitambaa mkononi, maana ilikuwa Jumamosi. Alikuwa ameshawasha redio ya gari, na mikono yake ilikuwa imelowa jasho kuliko kitambaa.

Saa ikafika. Ndani ya rangi Fundi aliingia na kigoda. Akaingia Mkaguzi. Akatazama juu. Akatazama barabara. Mkaguzi wa nje alifumba macho. Alipoyafumbua, kidole kilikuwa kimeshagusa mlango, na kilikuwa kinatazamwa.

Fundi alitazama mpaka mwisho, mpaka mkokoteni ulipoondoka na mama yake akabaki peke yake tena na mkoba.

"Shati langu pale lilikosa kifungo," alisema. "Mshona nguo mzima. Aibu."

"Haionekani sana," Mkaguzi alisema.

"Inaonekana." Kisha, bila kugeuka: "Jirani, ule mpira uliishaje?"

"Mpira gani?"

"Uliokuwa unatangazwa. Kwenye redio ya gari. Siku ile."

Mkaguzi aliangalia redio. Mtangazaji wa leo alikuwa anasoma majina ya wachezaji, mmoja mmoja.

"Sare," alisema.

"Ya magoli?"

"Bila bila."

"Ah," Fundi alisema. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la swali lililomsumbua. "Bila bila."

Mkaguzi alisubiri kigoda kirushwe kwenye kioo, au kichwani kwake, na kusema kweli angeona nafuu. Lakini Fundi aliinama, akasogeza uso karibu na mlango, akaupitisha mkono juu ya kona ya chini bila kuugusa.

"Hapa umesugua na nini?"

"Mafuta ya taa."

"Pameanza kufifia. Mguu wa mama hauonekani vizuri." Aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu, ila sauti ilikuwa ya fundi anayezungumza na mteja. "Yale makopo yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki. Mkaguzi aliyaleta mbio. Fundi aliuliza kipi hutangulia, na Mkaguzi akamwambia nta, kisha dawa juu yake.

"Kama mafuta na shati," Fundi alisema.

"Hivyo hivyo."

Tangu siku hiyo walipaka pamoja kila Jumamosi. Fundi alileta vipande vya flana laini vilivyobaki kwenye kazi zake, visivyokwaruza, na Mkaguzi hakujua aliwezaje kuishi bila flana. Mnyororo wa geti uliondolewa. Watoto waliacha kuja, maana hadithi yenyewe walishaijua. Betri ya zamani ilihamishwa kutoka chini ya kitanda ikawekwa kibarazani, ikawa inazuia mlango usijifunge kwa upepo. Gari sasa lilitoka kwa nadra, kwa sababu barabarani kuna mawe, na Fundi alipoliona likitoka alisimamisha cherehani na kusimama dirishani mpaka lirudi. Mkaguzi alianza kwenda kazini kwa miguu, sanduku la mawe ya shaba mkononi. Kuhusu betri hawakusema neno. Mkaguzi alilisubiri neno hilo kila Jumamosi, akipaka nta, na kila Jumamosi halikuja.

Ikafika Jumamosi moja ambayo mawingu yalianza tena kujikusanya juu ya paa la shule. Nta ilikuwa imeshakwisha kusuguliwa, dawa imeshapakwa na bado mbichi. Mtangazaji alikuwa anatangaza kipindi cha pili. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa nyuma, akimalizia ukingo wa khanga.

Mwanamke wa nyumba ya kona, yule muuza mkaa, aliingia mbio getini, hana kiatu kimoja. Mgongoni alikuwa na mtoto. Kichwa cha mtoto kililala begani kwake, na mkono mdogo ulikuwa unaning'inia, unapiga huku na kule kila mama alipohema.

"Mkaguzi, baba, nisaidie gari," alisema. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyuma, upande wa kushoto. "Mtoto anachemka. Ameanza kukakamaa. Nisaidie, nakuomba."

Mkaguzi alitazama mawingu. Alijiona akiyatazama. Alitazama barabara, na alijua kinachofuata ni kidole. Basi safari hii alikizuia kidole. Alikikunja ndani ya ngumi, na ule mkono mwingine ukaingia mfukoni, ukatafuta, ukakuta funguo zikiwa na joto la paja lake. Alizishika. Alikuwa ameshaanza kuzitoa.

"Gari halina betri," Fundi alisema.

Hakugeuka. Alikuwa bado amepiga magoti, flana mkononi, akimtazama mama yake, ambaye naye aliinamisha uso akautazama mkoba.

Mwanamke alimtazama Fundi, kisha Mkaguzi. "Halina?"

Mtangazaji alipiga ukelele. Mpira ulikuwa umegonga mwamba. Mkaguzi alisimama na funguo nusu nje ya mfuko. Tone moja la mvua likaanguka kwenye mkono wake. Fundi akaangalia juu, akainuka, akaanza kukunjua turubai.

Mkaguzi aliziachia funguo zikarudi mfukoni. Akanyoosha mkono kupitia dirisha la dereva, akapunguza sauti ya redio.

"Kabisa," alisema. "Tangu jana."

Jumapili asubuhi, walipolifunua gari, maji yalikuwa hayajaligusa. Mama Fundi alikuwa amesogea upande mmoja wa kigoda chake, kama mtu anayempisha mtoto akae.